SOMO LA UFUNDI: KUBADILI GIA ZA DIFU NA KUTIA DIFULOKI



Mvua kubwa zinyeshapo katika miteremko ya mlima Elgon, jambo moja huonekana barabarani kila mara. Gari limesimama matopeni. Gurudumu moja lazunguka kwa kasi na kurusha tope mpaka juu ya paa, na mwenzake, lililo juu ya ardhi ngumu, limetulia kama jiwe. Dereva akanyaga mafuta. Lile linalozunguka lazidi kuzunguka, na lile lililotulia lazidi kutulia. Watoto hucheka, na watu wazima hutafuta majani na mawe ya kutia chini ya tairi.

Sasa tujiulize. Injini ina nguvu ya kutosha. Gurudumu lenye mahali pa kushika lipo. Mbona gari haliendi? Jibu limo katika kile chombo cha duara kilicho katikati ya ekseli, ambacho mafundi wetu hukiita difu. Katika somo hili nitaeleza kazi ya difu, jinsi gia zake zinavyobadilishwa, na jinsi difuloki inavyotiwa ili kuondoa udhia huo. Tena nitawaeleza kosa langu mwenyewe, maana yafaa mwenye kufundisha aseme na aliyoyaharibu.

1. Kazi ya difu

Nguvu ya injini hupita katika giaboksi, kisha katika transifa ikiwa gari ni la magurudumu manne yenye nguvu, kisha hufuata propela na kuingia difu. Hapo difu hufanya kazi tatu.

Kazi ya kwanza ni kugeuza mwendo. Propela yazunguka kufuata urefu wa gari, lakini magurudumu hayana budi kuzunguka kwenda mbele. Gia ndogo iliyo mwisho wa propela huitwa pinioni, nayo husukuma gia kubwa ya duara iitwayo krauni. Hivyo mwendo hugeuka pembe mraba.

Kazi ya pili ni kupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Krauni yenye meno 37 ikisukumwa na pinioni yenye meno 9, pinioni huzunguka mara 4.11 ili krauni izunguke mara 1. Mwendo umepungua, na nguvu ya kuzungusha imeongezeka kwa kadiri ileile.

Kazi ya tatu ndiyo iliyoipa difu jina lake la asili, yaani kuruhusu tofauti. Chukua gari ambalo gurudumu la kushoto na la kulia yameachana mita 1.5. Likizunguka duara kamili, gurudumu la nje hutembea zaidi kuliko la ndani kwa mita 9.4, duara liwe kubwa au liwe dogo. Fanyeni hesabu wenyewe: 2 × 3.14 × 1.5. Kama magurudumu mawili yangefungwa katika chuma kimoja, moja lingelazimika kuburuzwa katika kila kona. Kwa hiyo ndani ya difu zimo gia ndogo za kati, ambazo huliacha gurudumu la nje likimbie na la ndani lipunguze. Mpango huu uliandikishwa mwaka 1827 na Mfaransa mmoja mtengeneza saa, Onésiphore Pecqueur, kwa ajili ya gari la mvuke. Motokaa za petroli zilikuwa bado hazijazaliwa.

2. Ila ya difu

Zile gia ndogo za kati zina tabia moja. Hugawa nguvu sawasawa kwa magurudumu yote mawili. Difu ni kama mzazi asiyetaka ugomvi nyumbani: ampacho mtoto mmoja ndicho ampacho wa pili, wala hawezi kumzidishia mmoja.

Penye barabara nzuri hilo ni jema. Lakini gurudumu lililo topeni haliwezi kupokea nguvu nyingi, kwa maana halina cha kushikilia, huteleza tu. Basi na mwenzake aliye penye ardhi ngumu hupewa kadiri ileile ndogo, isiyotosha kulisukuma gari. Mwendo wote huenda kwa mvivu, na mwenye uwezo hukaa bure. Ndiyo maana gari laweza kushindwa kwa sababu ya gurudumu moja tu.

Difuloki ni kifungo cha kuzifunga zile gia ndogo ili magurudumu mawili yazunguke pamoja kama yaliyo katika chuma kimoja. Gurudumu la topeni haliwezi tena kukimbia peke yake, na lile lenye kushika hupata nguvu kwa kadiri ardhi yake iwezavyo kupokea.

3. Hesabu kabla ya spana

Watu wengi hubadili gia za difu kwa sababu wametia matairi makubwa. Tairi kubwa husafiri mbali zaidi kwa kila mzunguko, na gari huwa kama linaanza mlima kwa gia ya juu. Ili kurudisha nguvu ya kwanza, fanya hesabu hii: chukua uwiano wa zamani, zidisha kwa kipenyo cha tairi jipya, gawanya kwa kipenyo cha tairi la zamani.

Mfano: uwiano wa zamani ni 4.11, tairi la zamani ni inchi 32, na jipya ni inchi 35. 4.11 × 35 ÷ 32 = 4.5 hivi. Basi utatafuta krauni na pinioni za uwiano ulio karibu, kama 4.56, yaani meno 41 kwa meno 9.

Na hapa ndipo ilipo sheria kubwa ya somo hili. Katika gari lenye kuendeshwa kwa magurudumu manne, difu ya mbele na difu ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Ukibadili ya nyuma, badili na ya mbele. Hakuna njia ya tatu.

4. Kosa langu

Nilipokuwa mwanagenzi katika karakana moja, ililetwa Land Cruiser ya zamani ya wakulima wa kahawa. Gari hilo lilichukua magunia kwenda mjini, na usiku lilichukua wagonjwa, kwa kuwa kule juu halikuwako jingine. Difu yake ya nyuma ililia kama mbuzi. Tukapata kichwa cha difu kilichotumika, chenye umbo lilelile na matundu ya nati yaleyale. Fundi mkuu akaniambia, "Kijana, kabla ya kufunga, hesabu uwiano. Wa mbele ni 4.11."

Njia ya kuhesabu bila kufungua difu ni rahisi. Gurudumu moja huzuiwa, la pili huinuliwa na kuzungushwa kwa mkono, na mtu wa pili huhesabu mizunguko ya propela. Kwa kuwa gurudumu moja limezuiwa, kila mizunguko 2 ya gurudumu huru ni sawa na mzunguko 1 wa krauni. Lakini jioni ilikuwa imefika, na mimi nilitaka kwenda kutazama mpira. Kichwa kilipokwisha kuingia nikazungusha gurudumu mara 2 tu, nikaona propela imezunguka mara 4 na kidogo. Kidogo kiasi gani? Sikupima.

"Umehesabu?"

"Nimehesabu, Mzee. Ni sawa."

Haikuwa sawa. Kile kichwa kilikuwa na krauni ya meno 43 na pinioni ya meno 10, yaani 4.30. Tazameni matokeo yake kwa hesabu. Propela zote mbili zikizunguka mara 430, magurudumu ya nyuma huzunguka mara 100, lakini ya mbele hutaka kuzunguka mara 104.6. Kwa tairi la inchi 32, gari likienda mita 255, magurudumu ya mbele hudai kwenda karibu mita 12 zaidi. Penye tope deni hili hulipwa na tairi, maana huteleza. Penye barabara ngumu tairi hukataa kuteleza, na deni hulipwa na propela, krosi na transifa.

Gari likaenda siku kadhaa bila neno, kwa sababu dereva alitumia magurudumu ya nyuma peke yake. Kisha usiku mmoja wa mvua akaitwa kumchukua mama aliyeshikwa na uchungu wa kuzaa. Akatia magurudumu manne, akapita topeni vizuri. Alipofika penye mawe na ardhi ngumu hakutoa, maana mbele yake palikuwa na tope jingine. Gari likaanza kuwa zito kama lililoshikwa breki. Kisha krosi ya propela ya mbele ikakatika, na propela ikapiga chini na kupasua transifa. Wanaume wanane wakambeba mama yule kwa machela, kwa zamu, mpaka alfajiri. Namshukuru Mungu alifika, akajifungua salama.

Gari liliporudishwa karakana likivutwa, fundi mkuu hakunigombeza. Alikifungua kichwa cha difu, akakiweka mezani, akasema, "Hesabu meno." Nikahesabu. "Hesabu tena." Nikahesabu tena. Tangu siku ile nazungusha gurudumu mara 20, si mara 2. Kwa mizunguko 20, uwiano wa 4.11 huipa propela mizunguko 41 na kidogo, na uwiano wa 4.30 huipa 43. Hapo hata mwenye haraka hawezi kukosea.

5. Kubadili gia

Sasa tuingie kazini. Naeleza difu ya nyuma ya namna ya Land Cruiser, ambayo kichwa chake chote hutolewa mbele ya ekseli. Magari mengine hutofautiana, na vipimo hasa vya kila gari vimo katika kitabu chake. Kwa kuwa difuloki nyingi huja na kasha lake jipya la kubebea krauni, ni busara kufanya kazi mbili hizi kwa wakati mmoja. Beringi na meno hupimwa upya kwa vyovyote.

Kwanza, zuia magurudumu ya mbele, inua nyuma, na liweke gari juu ya stendi imara. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Mwaga oili, uitazame: vipande vya chuma ndani yake ni habari ya kilichotokea.

Pili, tia alama mahali propela inapoungana na difu, kisha ifungue. Vuta hafu-shafti zote mbili mpaka ziachane na difu. Fungua nati za kichwa na kukitoa. Kichwa ni kizito. Wawe watu wawili au jeki ya magurudumu.

Tatu, kabla ya kufungua vifuniko vya beringi za pembeni, vitie alama: nukta moja kushoto, nukta mbili kulia. Kila kifuniko kilichongwa pamoja na mahali pake, na ukivibadilishana beringi hazitakaa sawa.

Nne, funga krauni mpya juu ya kasha la difuloki. Sehemu zote mbili ziwe safi kabisa. Krauni ikiwa ngumu kuingia, usiipige nyundo. Itie katika maji yanayochemka, itapanuka na kuingia yenyewe. Bolti zikazwe kwa kukingamana, kwa spana ya kupimia mkazo, baada ya kutiwa dawa ya kuzizuia zisilegee. Kumbuka kwamba krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani, na huwa na namba moja. Ni mke na mume. Usimchukue mmoja ukamwoza kwingine.

Tano, tia pinioni. Umbali wake kutoka katikati ya krauni huwekwa kwa vibati vyembamba ambavyo mafundi huviita shimu. Kati ya beringi zake mbili hukaa bushi inayobonyea kadiri nati inavyokazwa. Kaza kidogo, pima uzito wa kuzunguka, kaza kidogo tena. Ukizidisha, usirudishe nati nyuma. Bushi iliyobonyea haibonyuki. Tia mpya na kuanza tena.

Sita, weka kasha mahali pake, na kwa nati kubwa za pembeni sogeza krauni kuelekea pinioni au mbali nayo mpaka mchezo wa meno uwe sawa. Mchezo huo hupimwa kwa saa ya kupimia, na mara nyingi hutakiwa uwe kati ya milimita 0.13 na 0.20, yaani kama unene wa nywele mbili tatu. Pima mahali pane kuizunguka krauni, si pamoja.

Saba, soma alama. Paka meno machache ya krauni rangi nzito ya kazi hiyo, zungusha krauni huku mwenzako akiizuia kidogo, kisha tazama mahali pinioni ilipofuta rangi. Alama nzuri hukaa katikati ya jino. Ikiwa chini sana katika shina la jino, pinioni imeingia mno. Punguza unene wa shimu. Ikiwa juu karibu na ncha, pinioni iko mbali, ongeza. Ikielekea ncha ya ndani au ya nje ya krauni, tazama tena mchezo wa meno. Kila ubadilipo shimu, fungua, funga, pima upya. Waweza kurudia mara tano, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Difu iliyofungwa bila kusomwa alama hulia baada ya wiki chache, kisha hula meno yake.

6. Kutia difuloki

Ziko namna kadhaa. Iko inayojifunga na kujifungua yenyewe, isiyohitaji swichi, lakini hugonga na kuvuta gari katika kona. Iko ya umeme, na iko ya upepo, ambayo dereva huifunga kwa swichi apendapo. Wako pia wanaochomelea zile gia ndogo kwa welding. Hao wamepata difuloki ya bei rahisi isiyofunguka milele; matairi yao hulika, na siku moja hafu-shafti hukatika.

Ile ya upepo hutaka kompresa ndogo ya volti 12, mrija mwembamba, na tundu dogo la kupitishia mrija katika kichwa cha difu. Tundu hilo litobolewe kichwa kikiwa kitupu, kabla gia hazijaingia, kisha paoshwe mpaka pasibaki hata unga wa chuma. Mrija ufungwe mbali na ekzosi na pasipoguswa na mawe, nao uachwe na ulegevu wa kutosha, maana ekseli hupanda na kushuka.

Kisha jaribu. Paka maji ya sabuni kwenye viungo vya mrija. Povu likifura, upepo unavuja. Inua magurudumu yote mawili ya nyuma, ya mbele yakiwa yamezuiwa, tia gari gia, injini ikiwa imezimwa. Difuloki ikiwa wazi, zungusha gurudumu moja: la pili litazunguka kinyume chake. Ukiifunga, hakuna litakalozunguka. Hapo imeshika.

Tia oili mpya ya difu ya daraja la GL-5, kwa unene uliotajwa katika kitabu. Safari ya kwanza iwe fupi na ya pole, kisha uache difu ipoe. Katika kilometa 800 za mwanzo usivute mzigo mzito. Zikiisha, mwaga oili hiyo na kutia nyingine.

7. Kuitumia

Difuloki hufungwa kabla ya kunasa, gari likienda polepole na kwa kunyooka, penye tope, mchanga au mawe. Ukitoka, ifungue. Penye barabara ngumu gari lililofungwa difu halipendi kukata kona, na ile mita 9.4 tuliyohesabu hudaiwa katika hafu-shafti. Difuloki ya mbele ina hatari zaidi, kwa sababu hufanya usukani kuwa mgumu. Mwenye kutaka moja tu, aanze na ya nyuma.

Jambo la mwisho. Somo hili lina vyuma vingi, lakini gari lile la mlimani halikuangushwa na chuma kibovu. Liliangushwa na neno moja, "sawa", lililosemwa na mtu asiyehesabu. Mgonjwa aliyelala nyuma ya gari hawezi kuyakagua meno ya krauni, amemwachia fundi. Kwa hiyo, fundi akiulizwa kama amehesabu, awe amehesabu.

Maswali ya kujipima

(a) Gari lina krauni ya meno 39 na pinioni ya meno 10. Gurudumu moja limezuiwa, na la pili limezungushwa mara 20. Propela itazunguka mara ngapi?

(b) Uwiano ni 4.10, na tairi limebadilishwa kutoka inchi 30 kuwa inchi 33. Utafute uwiano upi ili nguvu ya kwanza irudi?

(c) Kwa nini difu mbili zenye uwiano mbalimbali zaweza kupita topeni salama, na kuvunja propela penye barabara kavu?

Majibu: (a) mara 39. (b) 4.51. (c) Soma tena sehemu ya 4.

Mwanafunzi wa zamani